Msaada: kitenge cha sare kinakatika kwenye mishono ya gauni la avata (Second Life)

Binti_wa_Mwanga

Mwakeye nyote, natumaini mu wazima. Niko Kigoma hapa Mwanga, naomba msaada kwa wanaojua kutengeneza nguo za Second Life, ule ulimwengu wa mtandaoni ambao unatembea humo kwa avata (mwili wako wa kuigiza), maana nimekwama na sare inatakiwa kabla mwezi haujaisha.

Iko hivi. Rafiki yetu tuliyesoma naye anaolewa Norway, na wengi wetu hatuwezi kwenda, ukipiga hesabu ya viza na nauli unaachana nayo, kwaiyo tumekubaliana sisi wa huku na wa Dar na wawili walioko Muscat tukutane ndani ya Second Life tumfanyie sendofu yake. Mmoja wetu kakodi eneo kalipamba vizuri sana, mziki upo, viti vipo. Sasa sendofu bila sare kwetu haipo, na kazi ya sare nikapewa mimi mana mama ni fundi cherehani na mi mwenyewe nashona kidogo. Kitenge tumeshachagua, ni cha kutoka Kongo kilishuka na boti pale Kibirizi, chungwa na bluu iliyokolea, maua makubwa ya kujaa kiganja. Bibi harusi tumeshamtumia pisi yake ya kweli ataivaa kulekule Norway siku iyo, ndo mana nataka avata zetu zivae kitenge kilekile, sitaki kinachofananafanana.

Nimenunua gauni la meshi (umbo la 3D) la ruhusa zote, yaani naruhusiwa kulibadilisha, kulinakili na kulitoa, limekuja na ramani ya UV (mchoro wa vipande vyake vikiwa vimelazwa) na picha ya vivuli. Kitenge nikakipiga picha na simu kikiwa kimetandikwa kitandani, nikaiweka juu ya ramani kwenye GIMP, ile programu ya kuhariri picha, nikapandisha Second Life. Yanayotokea ni haya: maua ya mbele makubwa ya mgongoni madogo, ubavuni hayakutani kabisa, yaani unaona ua nusu halafu linakatwa na mstari. Maandishi ya pembeni ya kitenge upande wa kushoto yanasomeka kinyume. Upindo wa chini una vikato vya duara, pale pembeni kuna mstari mweupe mwembamba unazunguka gauni lote. Alafu picha yenyewe imekuwa na ukungu na maua yamebonyea, kwenye simu yalikuwa duara saivi ni yai.

Na kila nikijaribu nakatwa L$10, ile pesa ya humo Second Life, zinaisha. Laptopu yangu ni ya kawaida tu, ramu 4GB. Nisaidieni wakuu.

---

fundi_tekscha

Pole dada, na hongera kwa wazo, iyo sendofu mmeipanga kwa moyo.

Kwanza acha kupandisha. Hela yako inaliwa bure. Lile gauni si lina ruhusa ya kubadilishwa? Livae, bonyeza kulia chagua Edit, nenda kwenye tabu ya Texture, bonyeza kile kiboksi cha picha, dirisha likifunguka utaona sehemu imeandikwa Local. Chagua iyo, bonyeza Add, uchague faili lako moja kwa moja kutoka kwenye laptopu. Gauni litavaa iyo picha papo hapo bila hata L$1, na uzuri wake ukirudi GIMP ukarekebisha ukasevu faili lilelile, gauni linabadilika lenyewe kule ndani, husogezi kitu. Unaona wewe peke yako, wenzako wataona kijivu, na ukitoka inapotea, lakini kwa kujaribia ndo yenyewe. Unakuja kulipa L$10 siku moja, ile ya mwisho, ukiwa umeshamaliza. L$10 ni ndogo, ukizingatia karibu 250 ndo dola moja, inakuja kama shilingi mia hivi, ila ukiirudiarudia usiku mzima inakuwa pesa.

Sasa tuje kwenye maua. Wewe ni mtoto wa fundi kwaiyo hapa utanielewa haraka kuliko wengi. Ramani ya UV ni patani. Ni lile gauni limefumuliwa likalazwa chini vipande vipande, mbele, mgongo, mikono, ukosi. Wewe ulichofanya umelaza picha moja juu ya patani nzima bila kuangalia kila kipande kimelala vipi na kina ukubwa gani, na aliyetengeneza meshi mara nyingi anakipa kipande cha mbele nafasi kubwa mana ndo kinaonekana, mgongo anauminya pembeni. Kwenye cherehani mgongo na mbele viko kipimo kimoja, huku siyo lazima. Kipande kilichominywa ukikilazia kitenge kilekile, kikirudi mwilini kinatanuka na maua yanabadilika ukubwa. Angalia tena gauni lako, kama mgongoni maua ni madogo basi mgongo ndo umepewa nafasi kubwa zaidi, inategemea na aliyetengeneza.

Usikisie. Tengeneza picha ya 1024 kwa 1024 yenye viboksi vya mraba, kila kiboksi kina herufi na namba yake, A1 A2 A3 mpaka mwisho, rangi mbili za kupishana. Ivishe gauni kwa njia ya Local. Sasa zunguka avata yako taratibu uangalie. Viboksi vikiwa vikubwa mahali, pale kipande kina nafasi ndogo kwenye ramani. Vikiwa vimelala mshazari, kipande kimelazwa mshazari. Herufi zikisomeka kinyume, kipande kimegeuzwa. Na kama A3 unaiona begani kulia na A3 ileile iko begani kushoto, basi pande mbili zinatumia sehemu moja ya ramani, mtengenezaji kazilaza juu ya nyingine kubana nafasi. Andika yote kwenye karatasi. Ukiwa na iyo karatasi ndo unaanza kukata kitenge, kabla ya hapo bado.

Halafu la kubonyea. Second Life inataka pande za picha ziwe 256, 512, 1024, namba za kuzidisha kwa mbili. Picha ya simu ni ndefu upande mmoja, ukiilazimisha ikae mraba lazima ibonyee, na ikitoka pikseli elfu nne kuja elfu moja lazima ipate ukungu. Dawa yake siyo kupunguza picha nzima ya kitenge, chukua ua moja na majirani zake tu ulirudierudie. Kuna mtu humu wa Tabora anajua hayo ya picha kuliko mimi, akipita atasema.

---

Mnyanyembe_original

Mwangaluka. Nimepita sasa hivi hahaha nimeitwa.

Dada achana na iyo picha ya kitandani. Kitanda kina bonde, kitenge kinafuata bonde, na taa ya chumbani inapiga upande mmoja, ukija kurudia iyo picha mara sita utaona mistari ya giza na mwanga imejipanga gauni zima, haijifichi ata ufanyeje. Fanya hivi: kipige pasi kitenge, kibane ukutani kwa misumari midogo au bandika kwa gundi ya karatasi pande zote nne kiwambwe lakini kisivutike, mana kitenge kikivutwa kona maua yanapinda. Nje, upande wa kivuli, asubuhi jua halijapanda sana, au siku ya mawingu. Usitumie flashi. Simama mbali kidogo na usogeze kwa zumu badala ya kukaribia, ukikaribia sana kamera ya simu inavimbisha katikati. Simu iwe sambamba na ukuta. Weka na karatasi nyeupe pembeni kwenye picha, itakusaidia kujua kama rangi zimeingia njano.

Ukishaipata tafuta rudio. Kila kitenge kina mahali mchoro unaanzia na mahali unajirudia, tafuta alama ndogo, mfano ncha ya jani fulani, angalia inakuja tena wapi kwenda kulia na wapi kwenda chini. Kata hapo hapo, kutoka ncha hadi ncha. Kwenye GIMP kuna kifaa cha kunyoosha picha iliyopinda, nyoosha mpaka kona ziwe kona. Alafu tumia Offset uisogeze nusu kwa nusu, kingo zote zitakuja katikati zimekutana, hapo utaona mshono kama upo, unaufuta kwa kifaa cha kunakilia sehemu, unatoa pikseli za jirani unafunika. Usitumie ile ya kuunga yenyewe kwa kitenge, inafaa mchanga na nyasi, kwa maua inayeyusha kingo yanakuwa mawili mawili.

Rudio likiwa safi, linakili, chagua ndoo ya kumwaga, kwenye patani ya kujazia chagua ile ya ubao wa kunakilia, mwaga kwenye kila kipande. Kila kipande kiwe kwenye leya (tabaka) yake, na kila leya ukuze au upunguze kulingana na ile karatasi yako ya viboksi. Hapo maua ya mbele na mgongoni yatalingana.

Kitu kingine, ile mistari midogo midogo ya wax (nta ya kuchapia kitenge) kama nyufa, ni mizuri sana kwa karibu ila avata akisimama mbali inageuka chenga zinazomeremeta akitembea. Ipunguzie ukali kidogo tu. Usiifute yote, mana bila izo nyufa kitenge kinaonekana karatasi ya kufungia zawadi.

---

Kibirizi_Boy

Mi ni wa kwenye iyo sendofu upande wa wanaume, nauliza mapema, mashati yetu yatakuwaje? Mana mwili wangu wa avata siyo kama wa wenzangu na nimeambiwa kila nguo ina mwili wake.

---

fundi_tekscha

@Kibirizi_Boy kweli, nguo ya meshi inatengenezwa kwa mwili fulani, ukivaa ya mwili mwingine ngozi inatokeza. Tafuteni templeti ya shati (shati tupu la kuchorea) yenye saizi za miili mnayotumia wengi wenu, na rudio la kitenge liwe lilelile la dada, msitengeneze lingine. Cha kuangalia ni maua ya shati na ya gauni yawe saizi moja mkisimama pamoja, vinginevyo inaonekana wanaume mmenunua kitenge duka lingine. Vaa zile picha za viboksi kwenye shati, simama na dada, linganisha viboksi.

Ambao mwili wao haupo kwenye templeti yoyote kuna njia ya zamani, kuchora nguo ya leya ile inayobandika kwenye ngozi. Tangu 2019 miili ya meshi inaweza kuzivaa moja kwa moja kama iliwekewa mfumo huo. Ramani yake ni moja kwa wote, ya juu na ya chini, kwaiyo shati moja linaingia miili mingi. Inabana mwili, haina mikunjo, lakini kwa fulana ya kitenge inatosha kabisa. Ila pale kiunoni ramani ya juu na ya chini zinapokutana mchoro lazima uulinganishe kwa mkono.

---

Binti_wa_Mwanga

Asanteni sana sana, Mungu awabariki. Nimefanya yote, kitenge kimebanwa ukutani kwa jirani upande wa kivuli, mama kaja kusimamia asije mtu akakipitia na mikono ya mawese. Rudio limepatikana, ni pana kuliko nilivyodhani, maua manne na jani moja kubwa linapita katikati.

Viboksi vimenifungua macho. Mgongo umepewa nafasi kubwa kuliko mbele, fundi_tekscha ulisema kweli. Mikono yote miwili ni kipande kimoja, namba zilezile. Na upande wa kushoto wa sketi umegeuzwa, ndo mana maandishi yalisomeka kinyume. Kwa Local sijalipa chochote mpaka saivi.

Ubavuni kulia sasa maua yanakutana safi. Kushoto yanakutana lakini nikisogeza yakae sawa kushoto, kulia yanaachana. Mabegani mkono na kifua havikutani ata nifanye nini. Na mstari mweupe bado upo. Rangi pia imefifia nilipoweka ile picha ya vivuli juu, chungwa imekuwa ya kahawia.

---

Shangazi_wa_Ujiji

Wanangu, mimi Second Life naingia kwa ajili ya kuongea na watoto wangu walioko mbali, hayo ya leya nayasoma kwenu, lakini kitenge nimekishona miaka yangu yote kwaiyo acheni niseme la kitenge.

Binti, begani hapakutani. Hata mimi nikikushonea gauni leo kwa kitenge cha maua makubwa mkono na kifua havitakutana, kwa sababu kichwa cha mkono kinakatwa duara na shimo la kwapa linakatwa duara la upande wa pili, ukiyakutanisha kwa mbele yanaachana kwa nyuma. Fundi hahangaiki na pale. Mshono wa kuhangaika nao ni katikati ya kifua na mgongoni kwenye zipu, hapo ua likikatika kila mtu analiona. Kisha ubavu, na ubavu nao unaangalia kutoka kiunoni kushuka kwenye nyonga, mana juu mkono unafunika. Ukipata hivyo vitatu gauni limekaa. Begani weka sehemu ya kitenge yenye bluu tupu au majani madogo, usiweke ua kubwa, jicho halitaona mkato.

Na hayo maandishi ya pembeni, kwenye gauni la kweli tunayakata. Yanabaki kwenye vipande vya kutupwa. Ya nini kuyahangaikia huko? Ondoa tu. Ingekuwa kanga ningekuambia usiguse, kanga bila jina lake siyo kanga, pindo na mji na jina vyote vinakaa mahali pake, na kwa kanga ungetafuta nguo ambayo haikugeuzwa upande. Kitenge hakikudai hivyo.

Kingine angalia maua yako yana kichwa au hayana. Kama jani lile kubwa linaelekea juu, basi mbele na nyuma yaelekee juu wote. Nimeona sare nyingi za kweli zimeharibika hapo, fundi anabana kitambaa anakata mgongo kichwa chini, mkikaa kwa picha ya pamoja inaonekana.

Rangi iliyofifia sijui, waulize vijana.

---

fundi_tekscha

Shangazi shikamoo. Umenisaidia na mimi, nilikuwa namtesa binti na mabega bure.

Kuhusu kushoto na kulia: sketi yako ina mishono miwili ya ubavu lakini kitambaa cha kuzungushia ni kimoja, maua yatafungana pande zote mbili pale tu ambapo mzunguko mzima wa sketi unaingiza rudio kamili, mawili, matatu, manne, bila nusu. Pima kwa viboksi mzunguko ni viboksi vingapi pale kwenye nyonga, gawanya kwa idadi ya rudio unayotaka, kuza au punguza rudio kidogo mpaka ligawanyike sawa. Mabadiliko ya asilimia chache hakuna atakayeyaona. Chini kwenye upindo sketi ni pana zaidi kwaiyo yataachana kidogo, fuata ya shangazi, nyonga kwanza.

Rangi: leya ya vivuli iko kwenye Multiply, sivyo? Iyo inazidisha giza, na kivuli cha kijivu juu ya chungwa kinatoa kahawia kila mara. Shusha uzito wa leya mpaka karibu asilimia 50, na kama bado, badilisha rangi ya kivuli yenyewe kutoka kijivu kuwa chungwa iliyokolea ya kitenge chako. Kivuli chenye rangi ya kitambaa kinakaa kama mkunjo wa kweli. Uangalie ukiwa umeweka mwanga wa mchana wa kawaida kule ndani, siyo jua la kuzama, jua la kuzama linakudanganya kila kitu ni chungwa.

Mstari mweupe sasa, huu unawasumbua wengi sana. Pale kwenye vikato vya upindo ulifuta kwa kifutio, sivyo? Pikseli uliyoifuta haionekani lakini rangi yake bado ipo chini, na mara nyingi ni nyeupe. Avata akisogea mbali, kompyuta inapunguza picha, na kupunguza maana yake ni kuchanganya pikseli jirani, ile nyeupe iliyojificha inachanganyika na ukingo wa kitenge ndo unapata mstari. Kwaiyo usifute. Acha kitenge kimwagike kuvuka upindo mpaka mwisho wa kipande, kisha weka maski kwenye leya, upake nyeusi pale pasipotakiwa kuonekana. Wakati wa kutoa PNG kuna kiboksi cha kuhifadhi rangi za pikseli zisizoonekana, kiwekee tiki, watu wengi wanakisahau icho. Chini ya ukingo patakuwa na chungwa na bluu badala ya nyeupe, hata zikichanganyika hakuna mstari.

Na ukishaweka, pale kwenye tabu ya Texture badilisha hali ya alfa (uwazi wa picha) iwe Alpha masking, usiache Alpha blending. Blending ikikutana na nywele, na nywele za avata karibu zote zina alfa, kompyuta haijui nini kiko mbele, utaona nywele ndefu zinatoboa sketi au sketi inapotea kipande ukigeuka. Masking inakata wazi, pikseli ipo au haipo. Sehemu za gauni zisizo na vikato kabisa ziwekee None.

---

Mnyanyembe_original

Niongeze hapo kwa ajili ya laptopu zenu. Mkiwa watu ishirini sehemu moja kila mmoja na tekscha yake (picha inayovalishwa nguo) ya 1024, kila moja ikifunguliwa bila kubanwa inakula kama MB 4 za kumbukumbu, ukijumlisha gauni, ngozi, nywele, viatu, laptopu ya ramu 4 itakwama na wageni watabaki mawingu tu bila kuonekana. Uzuri wa sare ni kwamba tekscha ikiwa ni ileile moja, imepandishwa mara moja na kutumika kwenye nguo zote za aina iyo, kompyuta inaishusha mara moja tu. Kwaiyo dada usipandishe gauni la kila mtu upya. Pandisha moja, litumike kwa wote.

Na kama shati la wanaume limegawanywa nyuso zake (sehemu zinazowekewa picha kila moja peke yake), meshi moja inaweza kuwa nazo mpaka nane, na zimelazwa wima bila kugeuzwa, unaweza kuliwekea lile rudio peke yake la 512 ukaliambia lijirudie kwa namba za kurudia pale pale kwenye Texture. Hapo hakuna kuchora chochote, na 512 ni robo ya uzito wa 1024. Vivuli unavikosa, lakini kama templeti ilikuja na picha ya mikunjo ya kuweka kwenye Bumpiness, iyo ina namba zake za kurudia tofauti, unaiacha moja kwa moja wakati kitenge kinajirudia. Shati linapata mikunjo na kitenge kinabaki kikali.

---

Kibirizi_Boy

Sasa hapa nina wasiwasi mmoja. Kitenge si kina mwenyewe? Kampuni iliyochora. Kuna jamaa kaniambia akimaliza sendofu atachukua izo nguo aziuze kule sokoni mtandaoni.

---

Mnyanyembe_original

Asiuze, na nashukuru umeuliza. Michoro ya wax ina wenyewe, Vlisco wa Uholanzi wanachora tangu 1846, na wengine wa Afrika na China wanayo ya kwao, kitenge kuuzwa sokoni hakukupi haki ya kuuza mchoro wake. Kuvaa kwenu sare ya sherehe bila kuuza ni jambo moja, kukiweka dukani ni jingine kabisa, na mwenye mchoro akilalamika Linden Lab, wenye Second Life, wanakiondoa.

Akitaka kuuza achore cha kwake. Na hapa nasema kwa dhati, Kigoma mna vitu vya kuchora kuliko watu wengi duniani. Mgebuka ulivyo mrefu na ule mgongo wake, umpange kichwa na mkia kwa kupishana, ni rudio zuri sana. Kichikichi na makuti yake. Mitumbwi ya dagaa usiku na karabai zake juu ya maji meusi. Chora kwenye simu hata kwa programu za bure, rangi mbili tatu zisizidi, na uongeze zile nyufa za wax kwa mkono. Hiyo unaiuza kichwa juu na ni yako, na Second Life ipo tangu 2003, vitenge vya huku kwetu bado ni vichache mno mule ndani.

---

Binti_wa_Mwanga

Mstari mweupe umeisha jamani!! Nimezunguka gauni lote, hakuna. Chungwa imerudi chungwa, nimeweka kivuli cha chungwa iliyokolea. Nyonga rudio matatu kamili, zipu ya mgongoni ua linakutana mpaka mama kaniuliza umelishona na nani. Mabegani nimeweka majani kama shangazi alivyosema. Shikamoo shangazi na asante.

La mwisho, nawagawiaje wenzangu? Naogopa mtu akilipata alibadilishe rangi au amgawie mwingine, na yule niliyenunua kwake templeti aliandika masharti marefu.

---

fundi_tekscha

Soma masharti yake vizuri kabla ya kumpa mtu yeyote, karibu wote wanaouza templeti za ruhusa zote wanakataza kuitoa ikiwa na ruhusa zote kwa mtu mwingine, na wengine wanakataza ata kugawa bure. Kama cha bure kimekatazwa, muandikie umueleze ni sare ya sendofu, wengi ni waelewa.

Akikubali: pandisha tekscha ya mwisho mara moja, ivishe kwenye gauni, hakikisha umetoa ile ya Local yote mana ukiisahau sehemu moja wenzako wataona kijivu kwenye huo uso. Alafu nguo ikiwa kwenye inventori yako bonyeza kulia uangalie sifa zake, chini pana ruhusa za mmiliki anayefuata. Weka tiki kwenye Copy ili likiharibika asirudi kwako, ondoa Modify ili rangi isiguswe, na ondoa Transfer ili asimgawie mwingine. Hakikisha na tekscha yenyewe hujaiweka kwenye boksi la kugawia, inabaki kwako. Mpe kwanza mtu mmoja, Kibirizi_Boy mfano, mwambie avae atoke aingie tena, mkiona kitenge bado kipo na kimekaa ndo uwagawie wengine.

Na templeti ikiwa na saizi za miili kadhaa weka zote kwenye folda moja yenye jina la bibi harusi na tarehe, wale wa Muscat wataingia wakiwa na haraka, wasianze kutafuta.